Mzee Ponsian Lyamba na Bendera ya Shimo la Saba

Kosa ambalo wengi wetu hulifanya kwenye gofu ni kuinua kichwa mapema. Mtu anataka kuona amefanya nini kabla hajamaliza kukifanya. Mzee Ponsian Lyamba, aliyefanya kazi hapa miaka thelathini na mmoja, ametusahihishia kosa hilo, na Jumatatu hii, tarehe 30 Juni 1997, anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini.

Aliajiriwa na klabu yetu ya gofu hapa Mpanda mwaka 1966 kubeba mikoba ya wachezaji. Baadaye akawa msimamizi wa uwanja, kisha mwalimu. Wageni kutoka Sumbawanga na Tabora hushangaa kusikia kwamba Mpanda kuna gofu. Ipo, kwa sababu watu wa mgodi wa zamani walituachia mashimo tisa na kibanda cha mabati walipoondoka. Majani laini ya kuzunguka shimo hatuna. Tuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, tunaloliita brauni, na Mzee Ponsian amelisawazisha kila asubuhi kwa kuburuta kipande cha reli juu yake, mpaka likawa laini kama uji uliopoa.

Ualimu wake ulitoka msituni. Baba yake alikuwa mrina asali upande wa Mwese, na mwana aliichukua kazi ile akaileta kwenye fimbo ya gofu. Wengi wetu tulifika tukishika fimbo kama mpini wa shoka. Yeye alitufundisha kuishika kama sega lililojaa: ukilegea litaanguka, ukibana asali itamwagikia viatuni. Katika kuzungusha fimbo alitukumbusha kwamba mkono wenye haraka mzingani ndio unaoumwa. Fimbo irudi nyuma taratibu, itulie kidogo kule juu, ndipo ishuke.

Kuhusu mazoezi alikuwa mkali zaidi. Mapigo kumi kila siku bila mpira, alisema, yanafaa kuliko mia moja ya Jumamosi. Kila mwanafunzi alipewa gunzi la mahindi alibane kwapani mwa mkono wa kulia. Gunzi likidondoka fimbo inapokwenda nyuma, ujue mkono umeachana na mwili na mpira utakimbilia kulia. Bwana Method, afisa misitu, aliwahi kusahau akaenda nalo kazini, akasaini barua tatu kabla karani wake hajamuuliza kwa adabu kama bega linamuuma.

Fundisho la mwisho ndilo lililobeba mengine yote. Ukishapiga, macho yabaki pale mpira ulipokuwa. Usiutafute kwa macho, usubiri kwa masikio. Ukiusikia umeangukia mchangani, ndipo uinue kichwa.

Sasa nieleze jambo ambalo wanachama wapya hulisikia kwa minong'ono. Shimo la saba ni fupi, yadi mia na arobaini, na kulia kwake kuna handaki la zamani la mgodi, lililochimbwa kwenda chini wima. Siku hizi limefunikwa kwa zege. Mwaka 1968 lilikuwa wazi, limezungushiwa waya tu.

Wakati huo mkubwa wa wabeba mikoba alikuwa Anicet, aliyetoka Burundi kutafuta kazi mgodini na, mgodi ulipofungwa, akabaki uwanjani. Ndiye aliyemfundisha Ponsian gofu. Jumatatu moja jioni, siku ya wafanyakazi kucheza, Ponsian alipiga mpira wa saba akiwa ameikaba fimbo na kuinua kichwa kabla ya wakati. Mpira ukapinda kulia, ukaingia nyasi za karibu na handaki. Alikuwa amechoka na anacheka. Akamwambia Anicet aende yeye, kwa kuwa anaujua msitu ule. Anicet akaenda. Walimtafuta kwa siku tatu, wakapata kofia yake tu kwenye waya.

Mzee Ponsian hakuificha habari hiyo. Humweleza kila mwanafunzi mara moja, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza gunzi, kisha humwambia apige.

Tangu mwaka ule wa 1968, anayeinua kichwa mapema kwenye shimo la saba humwona mtu amesimama kwenye brauni, ameishika bendera kama mbeba mikoba afanyavyo ili shimo lionekane. Anayesubiri mpaka mpira uanguke hamwoni. Tumeijaribu mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Dada Zaitun, mwenye duka la vitambaa Majengo, alimwona mwaka 1993 akadhani ni mfanyakazi mpya. Alipofika kwenye brauni alisema ahsante kaka, na hapakuwa na wa kumjibu. Kwenye mchanga uliosawazishwa asubuhi ile palikuwa na nyayo mbili za miguu mitupu kando ya shimo, zimekaa sambamba. Hazikuwa na njia ya kuja wala ya kuondoka. Mzee Ponsian alipopita na reli yake alizizunguka, akasawazisha kwingine kote.

Bwana Method alimwona mara moja. Hajainua kichwa mapema tena popote, na ndiyo maana amechukua kikombe cha wilaya miaka miwili mfululizo.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumwona, naye ni Mzee Ponsian mwenyewe. Kwa miaka ishirini na tisa amepiga shimo lile akiinamisha kichwa, akasubiri mlio wa mchanga, akainua macho kwenye brauni tupu. Tulidhani ni ufundi. Ulikuwa ufundi kweli, lakini mwezi Mei, tulipoanza kupanga sherehe hii ya kumuaga, alitueleza lililobaki. Alikuwa anaogopa kutazamwa na Anicet. Na sasa aliogopa zaidi kuondoka bila kumtazama, kwa kuwa akishakabidhi funguo hatakuwa na sababu ya kusimama pale tena.

Jumamosi, tarehe 28, tulicheza naye mchezo wa kuaga. Dada Zaitun alimpa mpira mpya wenye alama nyekundu. Ilikuwa saa nne asubuhi, moshi wa mashamba yaliyochomwa umetanda chini chini, na ndege walikuwa wakilia mpaka tulipofika shimo la saba. Mzee aliweka mpira, akatugeukia.

"Dada Zaitun, akiwepo usiniambie. Leo nitaangalia mwenyewe."

Fimbo ilirudi taratibu kama siku zote. Kisha, ikiwa bado inashuka, mwalimu wetu aliinua kichwa.

Mpira ulipinda kulia ukapotelea kwenye nyasi za handaki. Bwana Method, aliyekuwa ameinama akichagua fimbo yake, hakujua kinachoendelea. Akatania, "Gunzi limedondoka, mwalimu." Sisi wengine tulikuwa tumeinua macho pamoja na mzee. Bendera ilikuwa imeshikwa. Aliyeishika alikuwa bado kijana, wala hakututazama sisi. Alimtazama mzee, halafu taratibu akaanza kugeukia upande mpira ulikokwenda, kama mtu aliyezoea kutumwa.

Mzee Ponsian alivua kofia.

"Kaka, acha," alisema, si kwa sauti kubwa. "Huo nitaufuata mwenyewe."

Bendera ikaegemea ukingo wa shimo kama inavyoegemea mtu akiiachia. Mzee akatembea peke yake mpaka kwenye zege, akaingia nyasi zilizomfika kifuani. Tulihesabu dakika kumi na moja, na Dada Zaitun alikuwa ameanza kulia, nyasi zilipofunguka akatoka. Mkononi alikuwa na mpira. Haukuwa na alama nyekundu. Ulikuwa wa manjano kwa uzee, ngozi imepasuka, nyuzi za raba zinaonekana ndani. Aliutia mfukoni, akamaliza mashimo mawili yaliyobaki bila kosa.

Mpira wa Dada Zaitun haukuonekana. Jana asubuhi brauni ya saba ilikuwa laini yote, na mzee aliiburuta reli mpaka kwenye ukingo wa shimo.

Mzee Ponsian, ahsante kwa mikono yetu iliyotulia na kwa vichwa vyetu vilivyojifunza kusubiri. Nenda Mwese kwenye mizinga yako, ule asali ya msimu, ulale usingizi mzito.

Nasi tunaobaki: leo ukipoteza mpira, usimtume mtu. Ufuate mwenyewe.