Historia ya Fundi Spoki, Kama Mama Yake Alivyotaka Isomwe

Wazazi wetu, majirani, na ninyi nyote mliokesha nasi, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi hii kwa sababu wadogo zangu wamejaribu kuisoma sauti zikawakatika, basi nivumilieni.

Ndugu yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1981, katika chumba kile cha nyuma chenye dirisha dogo, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mwashi na mama mkulima, mwembamba kiasi kwamba bibi alipomfunua alisema hii ni mifupa imefungwa kitambaa, na wembamba huo ndio uliompa jina la Spoki, kama vile vyuma vyembamba vya gurudumu la baiskeli.

Alisoma shule ya msingi ya hapa mlimani kuanzia 1989 hadi 1995, akaweza hesabu akashindwa kukaa kimya, kisha akajifunza ufundi baiskeli kwa mjomba wetu, na mwaka 1999 akafungua kazi yake kwenye baraza la duka la mbegu. Wengi wenu mmesukuma baiskeli yenye pancha hadi pale, mkaambiwa, “Baiskeli haiumwi, anayeumwa ni huyu anayeibebesha magunia matatu,” mkacheka huku mkingoja gundi ikauke.

Septemba 2006 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kiume na kitinda mimba wa kike.

Ugonjwa ulianza mwaka 2012. Yalikuwapo majuma hakulala, anaongea bila kituo, anafungua baiskeli za watu wengi kwa mpigo akiahidi kuzirudisha mpya, na ilikuwapo miezi aligeukia ukuta, chakula kikapoa, spana zikashika kutu. Wapo waliosema karogwa, wapo waliosema bangi, wapo waliosema uvivu tu, naye akayasikia yote, maana maneno hayana mlango.

Juni 2017, wifi aliona jinsi alivyowaaga watoto wakienda shule, kana kwamba hatawaona tena, akamfuata nyuma ya nyumba, akamuuliza waziwazi, “Baba watoto, unataka kujiua?”

Akajibu, “Ndiyo, mama. Nimechoka.”

Wifi hakupiga kelele, wala hakumkemea, alimshika mkono, akampakia kwenye keria ya baiskeli, akaisukuma kupanda na kushuka mpaka zahanati, ambako muuguzi alituambia kwamba huu ni ugonjwa wa hisia, ni ugonjwa kama presha, tena una dawa. Watu husema kumuuliza mtu hivyo ni kumtia wazo kichwani, lakini swali lile lilitupa miaka saba. Ndani yake alizaliwa binti yake, akawa anamsuka nywele vibaya mno na kujisifu kwa kila jirani, na ndani yake aliunda baiskeli ya magurudumu matatu yenye kitanda, iliyowafikisha zahanati kina mama wenye uchungu, baadhi yao wapo hapa na watoto mgongoni.

Mwaka jana dawa ziliadimika zahanati, akawa anazifuata mjini, anapata leo anakosa kesho, mvua zikakata barabara, ugonjwa ukarudi, na kila nilipomtazama usoni alisema, “Niko sawa, dada.” Asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Julai 2024, ndugu yetu alijitoa uhai.

Jana kikao cha ukoo kilitaka niseme alifariki kwa maradhi ya ghafla. Mama yetu akainua kichwa akasema, “Mwanangu alijificha miaka mingi. Msimfiche tena.”

Tunamshukuru muuguzi wetu, aliyekuja kumwona nyumbani hata siku zake za mapumziko, tunawashukuru majirani mliotuchotea maji na kukesha na mama, na mafundi wenzake mliofunga kazi wiki nzima. Wifi yangu, ulimpenda kwa akili na kwa nguvu, usikubali mtu akuambie vingine. Na kama yupo hapa aliyechoka kama alivyochoka yeye, asiondoke bila kumwambia mtu, muuguzi amekaa pale karibu na mlango, na mimi nipo.

Bado tulikuhitaji, mdogo wangu. Lala kwa amani.