Ottilie Hobday na Karatasi za Chini ya Nyuzi

Marehemu Ottilie Hobday alizaliwa tarehe 3 Februari 1824 mjini Kassel, Ujerumani, mtoto wa tatu wa Bwana Konrad Reuss, mjalidi vitabu. Alisoma shule ya parokia hadi miaka kumi na minne, na mashairi ya watoto ya kwao aliyajua kwa ghibu.

Mwaka 1846 alikuja London kuwa yaya, na tarehe 12 Mei 1849 akafunga ndoa na Lemuel Hobday hapa Clerkenwell. Wifi yake Philippa, anayesoma wasifu huu, hakumwamini tangu siku ya kwanza. Mgeni anayefunga kikapu cha nyuzi kwa ufunguo ana nini? Siku moja Ottilie alipokwenda sokoni, Philippa alikifungua. Juu alikuta karatasi ya Kijerumani, mistari mifupi mifupi, akakata shauri kuwa ni barua ya mwanamume. Miaka kumi na saba alimwekea jicho.

Wakati huo Lemuel alisifika kwa vitabu sita vya picha, mashairi ya Kijerumani aliyoyageuza kwa lugha yetu. Mwaka 1858 mchongaji wa mbao za kupigia chapa picha alisahau kuichora picha kinyume kwenye ubao. Ilipopigwa chapa, mtoto aliyepanda ufagio akawa ameshika hatamu kwa kushoto, na shairi linasema kulia.

"Ubao mzima umeharibika!" Lemuel alipiga meza.

Ottilie alikuwa akimenya njegere. "Punguza jazba, mume wangu. Mwache awe wa kushoto." Akaimba:

"Kwa mkono wa kushoto kashika hatamu,
farasi wa ufagio hana nidhamu!"

"Nani kakufundisha hayo?" Philippa aliuliza.

"Aa, wifi! Nyumba hii hata njegere zinaimba."

Philippa aliamini ni Lemuel aliyemfundisha.

Oktoba mwaka huu Ottilie alianza kukohoa damu. Tarehe 2 Novemba ikaja barua ya Kijerumani kutoka Kassel, na mgonjwa hakuweza kuinua kichwa.

"Msomee mkeo," Philippa alisema.

Lemuel alivaa miwani, akaivua. "Mwandiko mbaya, dada."

Mwandiko ulikuwa safi kabisa. Ikabidi aitwe Bwana Hübner, mwoka mikate wa Kijerumani, ndipo tukajua mama yake Ottilie amefariki. Ottilie naye akamfuata tarehe 9 Novemba 1866, saa nne asubuhi.

Philippa alikifungua kikapu tena, safari hii hadi chini. Mashairi ya vitabu vyote sita yalikuwamo, na ile niliyoidhani barua ya mwanamume ni mojawapo: kila karatasi Kijerumani upande mmoja, lugha yetu upande wa pili, kwa mkono wa Ottilie. Philippa anaona haya mbele yenu.

Ameacha mume, Lemuel. Mabinti wawili, Minna na Edith. Na wifi aliyemshuku bure. Krismasi vitabu vinachapwa upya, na jaladani bado kuna jina la Lemuel. Kaka, karatasi hii hapa. Simama utusomee upande wa Kijerumani. Ukishindwa, mrudishie marehemu jina lake, apumzike kwa amani.