Boliti Zilizokunjwa za Fundi Muthama

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti karibu na redio. Wiki hii tumesoma majina mengi ya marehemu, na sauti yenyewe imechoka. Lakini jina la leo hatutalisoma mbiombio. Ni Muthama, fundi wa injini wa mtaa wa Ziwani. Muthama wa Ziwani, yule wa kukunja boliti. Alizikwa wiki iliyopita kwao Mwala.

Waliokaa Ziwani wanaujua ule mlio. Ko, ko, ko, kutoka gereji ya mabati nyuma ya nyumba za kaunsili. Ukiusikia, unajua Muthama amemaliza kazi.

Kazi yake ilikuwa injini za magari ya mbio. Dereva wake alikuwa Bwire, mtu wa Busia, maneno mengi na mguu mzito.

"Fundi, nikikanyaga inaimba poa," Bwire alizoea kumwambia, "lakini huko juu naskia kama itatema vyuma."

Muthama alijua tatizo. Ndani ya injini kuna konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Hufungwa kwa boliti mbili tu. Injini ikizunguka kwa kasi, pistoni hutaka kuruka ijiendee zake, na boliti hizo ndizo huirudisha. Zinavutwa, zinavutwa. Zinarefuka kidogo, kiasi ambacho jicho halioni, na siku moja hukatika. Kwa hiyo Muthama alizitoa, akapata nyingine za chuma kigumu zaidi, akapeleka konrodi zikerezwe ili matundu yake yarudi kuwa duara kamili. Hakuruka hatua, hata Bwire apige kelele namna gani.

Sasa, zile za zamani. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu. Zilikuwa mezani zinang'aa, na mdogo wake, Kisilu, akazikuta. Kisilu alikuwa mchonga vinyago. Alikuwa na pikapu ya kubebea mbao, yenye injini ya ukoo uleule na ya Bwire. Na pale Ziwani hakitupwi kitu, seuze kilichotoka kwenye gari la mbio. Watu walikigombania. Kama kiliweza mbio, kitashindwaje na mbao?

"Kaka, si unipe hizi? Zangu zimezeeka."

"Achana nazo. Zimechoka."

"Zimechoka wapi? Tazama zinavyong'aa!"

"Kisilu, nimesema zimechoka."

"Wewe ndiye umechoka. Hata hutazami."

Ni kweli, alikuwa hoi. Wiki nzima alikuwa ameiinamia injini ya Bwire. Akapunga mkono. "Chukua basi, uniache nipumue."

Kisilu akazifunga kwenye pikapu yake, na kwenye mteremko wa barabara ya Machakos, moja ilikatika. Konrodi ikatoboa ubavu wa injini, mafuta yakamwagikia magurudumu, pikapu ikapinduka. Kisilu alipona. Mkono wake wa kulia haukupona. Mkono wa kuchongea, wasikilizaji wapendwa.

Tangu hapo Muthama hakuacha boliti ya zamani ikiwa nzima. Akiitoa, aliibana kwenye jiliwa la mezani, akaigonga kwa nyundo mpaka ikunjike. Wenzake walimwona hamnazo. Wateja walinuna. Mkewe, Mwelu, anatuambia: "Nikimuuliza habari za kazi, alinijibu tu, 'Nimekunja.' Halafu chakula kinapoa mbele yake."

Kisilu hakumlaumu kaka yake. Hakumsamehe pia. Neno lenyewe halikutajwa. Kila Jumapili baada ya kanisa walikula pamoja, Mwelu akimkatia shemeji yake nyama, Muthama akitazama sahani. Alikuwa akingoja neno kutoka kwa mdogo wake. Aliingiwa na mvi akilingoja. Jamani, kungoja neno mezani kunachosha kuliko kazi ya vyuma.

Mwezi uliopita moyo wake ulianza kushindwa, akawa mtu wa kitandani. Gerejini injini ya Bwire ilikuwa wazi, boliti mpya zimefungwa. Za zamani zilibaki mezani, zimenyooka. Mwelu anasema mumewe hakulalamikia kifua. Alilalamikia boliti.

"Mtu atazichukua," alisema. "Mtu atazichukua, Mwelu."

Kisilu alikuwa ameketi pale pale. Akainuka, akatoka bila kuaga.

Mchana ule Ziwani ikasikia mlio, lakini haukuwa ule wa siku zote. Ko. Kimya kirefu. Ko. Bwire akaenda kuchungulia. "Nilimpata Kisilu anagonga na mkono wa kushoto," anasema. "Nyundo inateleza, jasho linamtoka. Nikamwambia, leta nikusaidie. Akaniambia, 'Wacha, Bwire. Hizi ni zangu.'"

Kisilu alirudi, akamfungua kaka yake kiganja, akaweka boliti moja iliyopinda.

"Nimezikunja zote, kaka. Ni mimi niliyeng'ang'ania siku ile. Ulinikataza. Sasa pumzika."

Muthama aliifumbata. Hakuiachia tena. Amezikwa nayo.

Mwelu, pole sana mama. Kisilu, pole. Bwire na mafundi wote wa Ziwani, poleni. Mungu amlaze Muthama mahali pema. Nasi tuliobaki tutazame mezani kwetu: ni nani anayengoja neno letu, na tumemchosha kwa muda gani?

Gereji haijafungwa, wasikilizaji wapendwa. Ufunguo anao Kisilu. Tunaambiwa leo asubuhi mlio umesikika tena Ziwani, wa polepole, wa mkono wa kushoto.