Ndoo ya Kwenda Buhongwa

Kivuko kilikuwa kimeshaiacha Kamanga wakati Mwalimu Odeta aliposikia mzozo nyuma yake. Alijifanya anasoma gazeti, ingawa tangu hapo hakufunua ukurasa mwingine.

"Shikamoo mama. Hii ndoo yako inanuka," alisema bwana mmoja mwenye suti ya mitumba na viatu vinavyong'aa.

"Marahaba," alijibu bibi mmoja mwenye ndoo miguuni. "Ni mavi ya ng'ombe. Ulitaka yanukie?"

Bibi akaeleza kwamba mwanawe amejenga nyumba ya saruji Buhongwa, na mkamwana anaisugua sakafu kwa polishi nyekundu mpaka unajiona uso. Yeye bibi ameshaanguka humo mara mbili, na mara ya pili mkono ukavunjika. Leo anakwenda kuisiriba hiyo sakafu, iwe kama za nyumba za watu.

"Uwasiribie mavi sebuleni? Si wakununulie mkongojo!"

"Ugonjwa uko sakafuni, mkongojo nishike mimi?"

Odeta akajificha vizuri zaidi nyuma ya gazeti.

"Basi kaa kwenye kiti, uhudumiwe."

"Nimekaa mwezi mzima, miguu ikaanza kunisahau. Mzee ukimkalisha sana, siku akiinuka ndipo anapoanguka kwelikweli."

"Mama, dunia imebadilika. Saruji ni maendeleo."

Hapo kivuko kikagonga gati la Mwanza. Viatu vya maendeleo vikateleza kwenye bati lililolowa, na bwana akajizuia kwa ndoo, mkono ukazama mpaka kwenye kiwiko. Bibi, miguu peku, alikuwa amesimama wima.

"Umeona?" alisema. "Yanashika."