Mkate Mweusi wa Majuu

Benchi la nje ya duka la kinyozi lina miguu mitatu na tofali, na asubuhi hiyo Majuu alilikalia ukingoni, roho juu. Tangu arudi kutoka ng'ambo, alikopiga pasi kwenye duka kubwa la dobi miaka na miaka, hana wimbo mwingine ila mkate mweusi wa kule. Mkewe keshauoka mara chungu nzima, na kila mara bwana huyu hutafuna, hutikisa kichwa, husema, "Siyo wenyewe." Jana mke kamwambia: kesho nauoka kwa mara ya mwisho, ukilitamka tena neno hilo, jiko ni lako. Sasa mkate uko motoni, na Majuu, ambaye kudanganya hajui, amekuja kuazima akili.

— Tatizo maji, alisema Kinyozi, akimmiminia kahawa. Maji ya kule ni ya baridi tangu yazaliwe.

— Nilimwambia akande kwa maji ya barafu. Vidole vikafa ganzi, mkate ukawa ule ule.

Waya, fundi umeme, alicheka hadi kahawa ikampalia.

— Maji wapi! Ni umeme, ndugu yangu. Umeme wa kule umetulia, wa kwetu una hasira. Mkate ukiiva kwa hasira unatoka mchungu.

— Shemeji anaokea mkaa, Kinyozi akamkumbusha.

— Basi mkaa nao una hasira!

— Au hewa? Majuu akauliza. Juzi alikandia mbele ya feni, amevaa sweta langu la kule.

— Na akakubali?

— Akaongeza na skafu.

Benchi zima likainua vikombe kwa heshima ya shemeji.

— Nimepata! Waya akaruka. Lugha! Unga ule umezoea kusikia lugha ya kule. Hapa unasemeshwa Kiswahili, utaelewa nini? Mfundishe shemeji salamu mbili tatu, awe anausalimia anapoukanda.

Kinyozi alimwambia Waya aende zake. Majuu, ni aibu kusema, alikuwa keshaanza kuzikumbuka salamu zenyewe.

Ndipo mkewe akatokea pembeni ya duka, unga umemganda viwikoni, mkate kaufunga kwenye kitambaa. Alikuwa amesikia kila kitu.

— Hamjambo, mabwana?

— Hatujambo, shemeji!

— Nina swali moja tu. Aliuweka mkate mapajani mwa mumewe. Kule ulikuwa unaula huku unawaza nini?

Kinyozi alimtazama Waya. Waya alitazama ndani ya kikombe. Majuu aliiona ile stoo ya dobi, mvuke umejaa, yeye kasimama na kipande mkononi, viganja vinamuuma.

— Nilikuwa nakuwaza wewe. Kila nikitafuna nasema, laiti ningekuwa nyumbani.

— Haya, sasa tuko wote. Niende kwa mama nikakae huko, ili mkate ukolee?

Majuu alimega kipande, akatafuna polepole, watu wote macho mdomoni mwake. Alitamani kusema uongo, lakini haukutoka.

— Siyo wenyewe, alisema, machozi yakimlenga. Lakini usiende popote.

Mkewe alijitahidi kununa, kicheko kikamshinda.

— Hebu sogea huko, alimwambia Waya, akaketi, akamega na yeye.