Miaka Thelathini na Miwili Bila Futi: Bi. Josepha Ambrosi Anastaafu

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Josepha Ambrosi anafunika cherehani yake kwa mara ya mwisho katika karakana yetu ya Ng'ambo, hapa Tabora, baada ya kazi ya miaka thelathini na miwili na miezi minne. Hesabu hiyo ni sahihi kwa sababu nimeifanya mimi. Angeulizwa yeye, angesema miaka mingi tu.

Alikuja Februari 1993 kutoka Sikonge, na baiskeli ya mumewe na dumu la asali la kumshukuru msimamizi ambaye alikuwa bado hajamwajiri. Akapewa kazi ya kushona vifungo vya sare za shule. Chini ya meza ya kukatia, ambayo ni meza yangu, palikuwa na gunia la mabaki: bluu ya sketi, nyeupe ya mashati, kaki ya kaptula. Tulikuwa tunayachoma. Mwaka wa pili akaliomba gunia hilo, na hapo taabu yangu ikaanza.

Kwa wenzetu wa ofisini ambao hawaingii chumba cha cherehani, nieleze. Mfarishi ni blanketi la viraka lenye tabaka mbili na pamba katikati. Wa Bi. Josepha hujengwa kwa miraba, na kila mraba ni mikanda ya kitambaa iliyounganishwa ubavu kwa ubavu mpaka ikatoa milia. Mshonaji mwingine hupima mikanda kwanza. Yeye huingiza mkono guniani, akatoa uliopo, mpana au mwembamba, ulionyooka au uliokatika upande, akaushona. Mwisho huweka juu yake kipande cha boksi la sabuni, akakata pembeni, basi. Hicho ndicho kipimo chake pekee, na pembe yake moja ililiwa na panya zamani.

Rangi ni hizo tatu. Mwaka 2009 mfadhili mmoja alituletea robota la vitambaa vyekundu na vya njano. Bi. Josepha akalirudisha stoo bila kulifungua, akidai kwamba rangi zikizidi tatu, kila moja inataka kusalimiwa. Aliyetumwa kumweleza mfadhili ni mimi. Nilisema tunasubiri majira ya ukame, mvua isije ikachujisha rangi.

Mifarishi ikapendwa hata hivyo. Wodi moja ya wazazi huagiza thelathini kila mwaka, na mwaka jana walisema wazi: mshonaji huyu akiondoka na kazi yake, watanunua mablanketi ya dukani. Washonaji wanne wanaishi kwa oda hiyo, Afrah akiwa wa kwanza. Nikanunua daftari ili niandike namna anavyofanya kabla hajaondoka.

Nilipima miraba arobaini. Hakuna miwili iliyolingana. Nikatafuta wastani, nikamkatia Afrah mikanda kwa wastani huo, naye akashona mfarishi mzima, umenyooka kama nilivyotaka. Bi. Josepha aliugeuza pande zote mbili, kisha akauliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, ni bweni gani limeagiza godoro. Washonaji walicheka mpaka saa ya chakula.

Mwezi wa tano, nikiwa nimechoka kabisa, nilimwambia bila kuzunguka kwamba anaondoka na riziki ya watu wanne. Asubuhi iliyofuata alinivua futi shingoni, akaitia kwenye mkoba wake, akanikalisha mbele ya cherehani yake, Afrah amesimama nyuma yangu. Nikatoa mkanda guniani. Ulikuwa mweupe, na umepinda. Nikapeleka mkono kwenye mkasi ili niunyooshe. Akanizuia kwa kiganja.

"Uache, Mwalimu," alisema, kwa jina la utani alilonipa kwa kupimapima kwangu. "Unaofuata ndio utakaounyoosha. Wewe tazama ulichokwisha kushona."

Kumbe ndiyo kazi yote. Mkanda mwembamba huufuatishia mpana, uliolalia kulia huurudisha kwa unaolalia kushoto, na bluu zikijaa huziwekea nyeupe zipumue. Afrah alielewa kabla sijamaliza mshono. Daftari langu la kurasa mia mbili lina sentensi moja tu: unaofuata ndio utakaounyoosha. Nilipouliza kwa nini hakuisema miaka yote hiyo, alijibu kwamba sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa napima tu.

Wiki iliyopita wodi ilipelekewa mifarishi sita ya Afrah. Waliipokea yote, wakauliza mingine italetwa lini.

Bi. Josepha, mfarishi unaokabidhiwa leo tumeushona sote, kwa bluu, nyeupe na kaki, na hakuna aliyepima. Mraba uliopinda karibu na pembe ni wangu. Tafadhali usiufumue. Karakana inakushukuru kwa kazi yako, nami nakushukuru hata kwa kunichosha. Uende Sikonge salama, ukapumzike, na Mungu akujalie miaka mingi tu.

Futi yangu bado imo mkobani mwako. Kaa nayo.

Abdulatifu Hamdun
Chumba cha kukatia