Robo Tu, kwa Nova ya Marlys

Kijiwe cha wazee wa mji mdogo wa Alder Fork ni benchi moja mbele ya duka la matairi la Hobart, na Ijumaa ile ya Oktoba baridi ilikuwa inakata masikio, lakini hakuna aliyekubali kubaki nyumbani. Malori ya mahindi yalipita kuelekea maghalani yakimwaga makapi barabarani, kahawa ya bure ilikuwa ndani ya duka, na wazee watatu walikaa na nyuso za watu waliotoka kushuhudia ajali. Jana yake, mbele ya nusu ya mji, Marlys Eberly alikuwa amejaribu kuwasha Nova, gari la mbio la marehemu baba yake, Orrin, na Nova haikuwaka. Haikukohoa hata mara moja. Injini aliyoifungua mwenyewe kiangazi kizima, akaitia kamshafti mpya, ile fimbo inayoendesha vali, na tapeti mpya za oili, akaifunga tena kwa mikono yake, ilizungushwa na stata ikasema wii-wii-wii, basi. Kesho ni mbio za mwisho kabla ya theluji. Na saa sita mchana huu mtu wa mji wa Muncie anakuja na trela kuinunua, kwa sababu Marlys ametangaza kwamba mkono wake hauna baraka na hatagusa tena spana maishani.

— Mimi sijalala, alisema Diwani. Aliitwa hivyo kwa kugombea udiwani na kushindwa na mtu aliyekwisha kuhama mji. — Sijalala kabisa! Nova ya Orrin, iwe bubu?

— Nilimwona mke wangu analia, alisema Tochi, fundi umeme mstaafu ambaye hata mchana hutembea na tochi mfukoni. — Na hajui hata boneti inafunguliwaje.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Diwani, akitikisa kichwa kwa huzuni.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Inaingia. Wewe tu ndiye hujaifikiria.

Mzee wa tatu alikuwa akikizungusha kikombe chake cha kahawa. Jina lake la kanisani lilikuwa Delmar Yost, ila mji mzima ulimwita Robo, maana hajawahi kukutana na nati iliyomridhisha. Kila nati kwake ilidai robo zunguko zaidi. Mabomba ya jikoni kwake hayafunguki bila koleo, na mkewe ameacha kulalamika. Jumatatu, Marlys akiwa kazini hospitalini, alikuwa ameingia gereji ya Orrin, ambayo mlango wake haujawahi kufungwa, akavua vifuniko vya vali na kuziongezea nati zote kumi na sita robo. Robo tu. Kwa nia njema! Binti ni binti, alijiambia, mkono wake mwepesi.

Kilichomtia wazimu ni kwamba hesabu haikubali. Tapeti ya oili ina kipistoni kidogo tumboni. Unakaza nati mpaka fimbo ya vali iache kucheza, kisha unaongeza nusu zunguko ili kipistoni kizame kidogo kwenye oili yake. Ukizidisha mno kinagota chini, vali inabaki wazi, injini inakosa pumzi. Lakini nusu ya Marlys na robo yake haziui injini. Hiyo Robo aliijua kama anavyojua njia ya kwake. Sasa nini kimeiua?

— Ni petroli hii ya mahindi, alisema Diwani. — Wanatuuzia pombe. Kabureta imelewa.

— Pombe gani! Mnara, alisema Tochi. — Ule mnara mpya wa simu. Moto wa plagi unatoka kwenye distribyuta, unafika katikati, mnara unaudaka. Nimefanya umeme miaka mingi, najua ninachosema.

— Mbona mnara haudaki moto wa gari lako? aliuliza Diwani.

— Gari langu lina moto mdogo. Wizi unakwenda penye mali.

— Haya, basi mimi nawaambia ukweli, alisema Diwani, akishusha sauti. — Huyu wa Muncie ana mkono hapa. Mtu hawezi kuja na trela tupu kama hajui atarudi nalo limejaa. Ametuma nungu akajificha kwenye ekzosi.

— Nungu!

— Au fuko. Mnyama yeyote anayependa giza.

— Tuacheni utoto, alisema Tochi, na macho yake yalikuwa mekundu kweli. — Mnajua ni nini. Orrin. Gari limefiwa. Mbwa wake alikataa kula wiki mbili, mmesahau? Gari nalo limekataa.

Hapo wote watatu waligeuza macho. Mwisho wa benchi, upande wa mlango wa duka, palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeikalia tangu Orrin afariki majira ya machipuo. Kikombe cha Orrin kilining'inia juu yake kwenye msumari, na Hobart alikuwa anakifuta vumbi bila kuambiwa.

— Maana kazi yenyewe aliifanya vizuri, Tochi aliendelea. — Nati zimekaa safi kabisa, zote mstari mmoja.

Robo aligeuka polepole.

— Umezionaje nati? Ziko chini ya vifuniko.

— Nime... nimekisia. Kwa jinsi ninavyomjua mtoto.

— Umemulika na tochi ukakisia?

— Mwacheni mwenzenu, aliingilia Diwani. — Kwanza vile vifuniko vyenyewe gasketi zake zinanata, ukivivua unapata taabu...

Akafunga mdomo. Robo aliwatazama wenzake mmoja mmoja, na wao wakatazama lori la mahindi kana kwamba hawajawahi kuona mahindi.

Kabla hajauliza, Marlys alivuka barabara. Hakuwahi kufika kijiweni hata siku moja, hata baba yake alipokuwa hai. Alikuwa amevaa koti la Orrin, mikono ya koti imekunjwa mara mbili, na hakulala, ungeona mwenyewe. Aliangalia benchi, akaenda kukaa palepale penye nafasi. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

— Wazee, sijaja kusumbua.

— Husumbui, mwanangu, alisema Diwani.

— Mtu wa trela amepiga simu, yuko njiani. Nitampa, nimekubali. Ila naomba mniambie kitu kimoja nipate kulala. Nilizungusha injini mpaka kila vali imefunga. Nikachezesha fimbo juu na chini, sikuipima kwa kuizungusha na vidole, maana baba alisema tapeti ikiwa laini vidole vinadanganya. Ilipoacha kucheza nikaongeza nusu. Zote kumi na sita. Nikarudia tena kuhakikisha. Jana stata inazunguka nyepesi kama cherehani, haina pumzi hata silinda moja. Nilikosea wapi?

Lori likapita. Makapi yakatua kwenye viatu vyao. Robo alikitazama kikombe kilichokuwa juu ya kichwa cha binti yule, akaona aibu mpaka masikio yakamchoma.

— Hukukosea, alisema. — Ni mimi. Jumatatu ulipokwenda kazini niliingia. Niliongeza robo.

Marlys hakuelewa mara moja.

— Kwenye ipi?

— Zote.

— Robo? alisema Tochi, amesimama. — Robo peke yake? Mungu wangu. Mimi niliongeza nusu Jumanne! Nilizikuta nikadhani ndivyo alivyoziacha yeye!

— Nusu! alifoka Robo. — Wewe una kichaa?

— Wewe ndiye uliyeanza!

— Jumatano, alisema Diwani, kwa sauti ambayo haikuwahi kumpatia kura hata moja. — Robo. Lakini robo ya kushiba.

Marlys alihesabu kwa vidole, midomo ikimcheza. Nusu yake, robo, nusu, robo. Zunguko moja na nusu. Vipistoni vyote vimegota chini, vali zote zimeachama. Injini nzima, kazi ya kiangazi kizima, imenyongwa na watu watatu wanaompenda.

— Haba na haba, alinong'ona Diwani, hujaza kibaba.

Ilikuwa mara ya kwanza methali yake kukaa mahali pake, na hakuna aliyempongeza.

Walingoja awapigie kelele. Robo alitaka apige. Angekuwa Orrin, angewarushia kikombe. Lakini Marlys aliwauliza kwa upole, na upole ule ndio uliowaua.

— Baba alikuwa anafungua injini ile kila majira ya baridi. Mlango wa gereji ni uleule, wazi vilevile. Nani kati yenu aliwahi kuingia akamwongezea yeye?

Tochi alitoa tochi mfukoni, akaiwasha, akaizima. Robo alitafuta jibu kwenye kikombe chake, kikawa kitupu. Ndani ya duka Hobart alitikisa birika, akasema kahawa imekwisha.

Marlys alisimama.

— Wa trela akifika, mwambieni haiuzwi. Mwambieni ninyi, mimi nina nati za kulegeza.

Akavuka barabara, na wakasikia mlango wa gereji ukisuguana na sakafu kwa kutu, unafungwa kwa mara ya kwanza tangu ujengwe.

Wa trela alikuja, akaambiwa, akatukana, akaondoka. Wazee walibaki bila kahawa. Mchana jua likiwa limelainika kidogo, Nova ikakohoa, ikakohoa tena, kisha ikanguruma mpaka kikombe cha Orrin kikacheza kwenye msumari. Tochi alilia waziwazi. Diwani alipiga magoti, kisha akashindwa kuinuka.

Robo alitega sikio. Ilikuwa sauti ya Orrin kabisa. Isipokuwa upande wa kushoto, silinda ya mbele, tapeti kama inagonga kidogo, kidogo sana, au alidhani tu. Vidole vikaanza kumwasha. Akaviingiza chini ya mapaja yake, vyote kumi, akavikalia.